Ijumaa ya Hackensack: Historia ya Albamu ya Kwanza ya John Coltrane

Albamu iitwayo kwa ufupi Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 31 Mei 1957 na kutolewa mwaka huohuo na kampuni ya Prestige ya New York, ndiyo kazi ya kwanza ambayo kwayo John Coltrane, mpulizaji wa saksafoni ya tenori, aliingia studio akiwa kiongozi wa kundi badala ya mwajiriwa wa mwingine. Katika vitabu vingi vya historia ya jazi albamu hii hupewa aya moja au mbili, kwa kuwa waandishi huwa na haraka ya kuifikia Blue Train ya Septemba mwaka huohuo, kisha Giant Steps na A Love Supreme, na pale inapotajwa hutajwa kama kielelezo cha jambo lingine kabisa, yaani ushindi wa msanii dhidi ya heroini. Usomaji wa namna hiyo una ukweli wake, lakini unamfanya Coltrane aonekane kama mtu aliyeibuka peke yake kutoka gizani, ilhali santuri yenyewe, ikisikilizwa pamoja na majina ya waliohusika, inaonyesha kazi ya jamii ya wanamuziki wa mji mmoja, Philadelphia, iliyofanyika chini ya masharti ya biashara isiyopenda kupoteza muda.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea majina kama Morogoro Jazz na Western Jazz anapaswa kuzingatia kwamba bendi hizo zilipiga muziki wa dansi wenye asili ya rumba, na kwamba jazi inayozungumziwa hapa ni muziki uliokuzwa na Wamarekani weusi, ambao kiini chake ni ubunifu wa papo kwa papo: wanamuziki hupiga kwanza wimbo wa msingi kama ulivyotungwa, kisha kila mmoja kwa zamu hubuni wimbo wake mpya juu ya mfuatano uleule wa makundi ya noti zinazolia pamoja, na mwishoni wote hurejea kwenye wimbo wa msingi. Tawi la jazi lililotawala wakati huo liliitwa hard bop, mwendelezo wa bibopu ya miaka ya 1940, lenye mapigo mazito zaidi na harufu ya bluzi na ya nyimbo za kanisani.

Coltrane alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 huko Hamlet, Carolina Kaskazini, akakulia High Point katika nyumba ya babu mzaa mama, mchungaji wa kanisa la Methodisti la Waafrika liitwalo A.M.E. Zion. Babu huyo na baba mzazi wa Coltrane, aliyekuwa fundi cherehani, walifariki katika majira yaleyale ya baridi ya 1938 na 1939, na familia iliyokuwa na unafuu ikabaki kutegemea kazi za mikono za wanawake. Kijana alianza na ala za bendi ya mtaa, akahamia kwenye saksafoni ya alto, na mwaka 1943, baada ya kumaliza shule, akafuata mkondo wa maelfu ya weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini na kwenda kutafuta kazi katika miji ya Kaskazini. Alifika Philadelphia, akafanya kazi za vibarua, akasoma muziki, akalitumikia jeshi la majini kwa kipindi kifupi huko Hawaii mwishoni mwa vita, kisha akarudi na kuitumia posho ya masomo waliyopewa askari wastaafu kulipia karo katika chuo cha Granoff, ambako alimpata mwalimu Dennis Sandole, mtu aliyependa kuwafundisha wanafunzi wake ngazi za noti na miunganiko ya sauti isiyopatikana katika vitabu vya kawaida.

Philadelphia ya miaka hiyo haikuwa kituo cha kupitia tu. Palikuwa na Jimmy Heath, aliyeongoza bendi kubwa ambamo Coltrane alipiga. Palikuwa na Benny Golson, rafiki wa ujanani. Na palikuwa na Calvin Massey, mpiga tarumbeta aliyejulikana zaidi kwa utunzi kuliko kwa upulizaji, ambaye nyumba yake ilikuwa mahali pa kukutana na kubadilishana mawazo. Mwaka 1952 Coltrane alinunua nyumba katika mtaa wa North 33rd na kuishi humo na mama yake na binamu yake Mary, na nyumba hiyo ina nafasi kubwa katika habari ya mwaka 1957.

Kabla ya hapo kulikuwa na zaidi ya miaka kumi ya ajira za huku na huku. Alipiga na Eddie Vinson, aliyemfanya ahame kutoka alto kwenda tenori kwa sababu alto ilikuwa ya kiongozi mwenyewe. Alipiga na Dizzy Gillespie kuanzia 1949 hadi 1951. Alipiga na Earl Bostic, bingwa wa ufundi wa ala, na kisha na Johnny Hodges, ambaye alimwachisha kazi mwaka 1954 kwa sababu ya heroini. Dawa hiyo ilikuwa imeenea mno miongoni mwa wanamuziki wa kizazi chake, na waliodhani kwamba gwiji wa saksafoni Charlie Parker alikuwa hodari kwa sababu ya kuitumia hawakuwa wachache. Vuli ya 1955 mpiga tarumbeta Miles Davis, aliyekuwa akiunda kundi la watu watano baada ya mpulizaji wa tenori Sonny Rollins kutopatikana, alimchukua Coltrane, na kwa mara ya kwanza jina lake likaanza kuandikwa na wachambuzi, baadhi wakimsifu na wengine wakilalamika kwamba sauti yake ni kavu na kwamba anabwaga noti nyingi kupita kiasi.

Kulinganisha umri kunasaidia hapa. Rollins, aliyezaliwa miaka minne baada ya Coltrane, alikuwa amekwisha kurekodi Saxophone Colossus mwezi Juni 1956, kazi inayohesabiwa hadi leo kuwa kilele cha saksafoni ya tenori, na haikuwa albamu yake ya kwanza. Coltrane alikuwa akikaribia miaka 31 bila santuri hata moja yenye jina lake. Kuchelewa huko kulikuwa na sababu mbili zilizoshikana: kwanza alikuwa mwanafunzi wa kudumu, asiyeridhika, mwenye kufanya mazoezi hadi majirani wakachoka, na pili, hakuna kampuni iliyokuwa na hamu ya kumkabidhi uongozi mtu aliyekuwa akisinzia jukwaani.

Kusinzia huko ndiko kulikovunja ajira yake. Masimulizi kuhusu Davis kumpiga kofi nyuma ya jukwaa, huku mpiga piano Thelonious Monk akishuhudia na kumwambia Coltrane kwamba mtu anayepuliza namna ile hapaswi kuvumilia kupigwa, yamesimuliwa mara nyingi na kwa tarehe zinazotofautiana, na kwa sababu hiyo hayafai kubebeshwa uzito mkubwa. Lililo wazi ni kwamba kufikia mwisho wa Aprili 1957 Davis alikuwa ameachana naye pamoja na mpiga dramu Philly Joe Jones, kwa kosa lilelile. Coltrane alirudi Philadelphia, akajifungia katika nyumba ya mtaa wa North 33rd, akamwomba mkewe Naima na mama yake wamletee maji tu, na akaikabili peke yake ile hali ya mwili kutetemeka na kuuma baada ya kukatiziwa dawa, ambayo waraibu wa pwani ya Afrika Mashariki huiita arosto. Miaka saba baadaye, katika maelezo aliyoandika mwenyewe kwa ajili ya A Love Supreme, aliutaja mwaka 1957 kuwa mwaka wa mwamko wa kiroho uliompeleka kwenye maisha yenye utajiri zaidi, na ni maneno hayo ya baadaye yaliyowafanya waandishi waisikilize albamu ya kwanza kana kwamba ni ushuhuda wa mwongofu madhabahuni.

Ratiba ya studio, hata hivyo, haina unyamavu unaotarajiwa katika hadithi ya mtu aliyejitenga na ulimwengu. Tarehe 16 Aprili Coltrane alirekodi na Monk wimbo mmoja wa taratibu. Siku nne baadaye alikuwa studio pamoja na wapulizaji wawili wa saksafoni ya baritoni. Na tarehe 17 Mei alirekodi bega kwa bega na mpulizaji wa tenori mwenzake Paul Quinichette. Alikuwa mgonjwa, akawa katika kupona, na kazi ikaendelea, kwa kuwa familia ilihitaji fedha na kwa kuwa alikuwa ametia saini mkataba na Prestige.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1949 na Bob Weinstock, kijana wa New York aliyekuwa hajafika hata miaka 21, na namna yake ya kufanya kazi inaeleza mengi kuhusu sauti ya santuri zake. Weinstock hakulipia mazoezi. Wanamuziki waliitwa mchana, mara nyingi siku ya Ijumaa, wakakubaliana nyimbo papo hapo au njiani ndani ya gari, wakapiga kila kibao mara moja au mbili, na kufikia jioni albamu nzima ilikuwa imekamilika. Mfumo huo ulikuwa umemwezesha Davis kumaliza deni lake la mkataba mwaka 1956 kwa vikao viwili tu, cha Mei na cha Oktoba, vilivyozaa albamu nne. Ulifaa pale ambapo kundi limezoeana jukwaani kwa miezi. Ulikuwa mkatili kwa kiongozi mpya asiye na kundi lake. Kampuni mshindani ya Blue Note ililipia siku za mazoezi, na tofauti hiyo inasikika waziwazi kwa anayeweka Coltrane na Blue Train upande kwa upande, kwani zinatengana kwa miezi mitatu na nusu tu, lakini katika ile ya pili wapulizaji watatu huingia na kutoka kama watu waliopimana pumzi.

Studio yenyewe ilikuwa sebule. Rudy Van Gelder, ambaye mchana alipima macho ya watu na kutengeneza miwani, alikuwa ameigeuza sebule ya nyumba ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York, kuwa chumba cha kurekodia, akakaa nyuma ya dirisha la kioo na mitambo yake na kuzilinda maikrofoni zake kwa wivu uliozoeleka. Alichokipata humo, sauti ya karibu, yenye upana kwenye dramu na mng'ao kwenye saksafoni, ndicho masikio ya dunia yalichojifunza kukiita sauti ya jazi ya miaka hiyo.

Siku hiyo ya Ijumaa Coltrane aliwaleta watu wa aina mbili. Kutoka kundi la Davis walikuja Paul Chambers kwenye besi ya kusimama na Red Garland kwenye piano, ambao Prestige iliwafahamu na kuwaamini. Kutoka Philadelphia alikuja Johnnie Splawn na tarumbeta, ambaye nje ya mji huo hakuna aliyemfahamu, na Albert Heath, mdogo wake Jimmy, aliyekuwa akitimiza miaka 22 siku ileile na ambaye hakuwa amewahi kurekodi santuri kabla ya hapo. Waliongezwa Sahib Shihab kwenye saksafoni ya baritoni na Mal Waldron, mpiga piano wa kutegemewa wa Prestige ambaye katika miezi hiyohiyo alikuwa ameanza kumsindikiza mwimbaji Billie Holiday. Garland alipiga katika vibao vitatu vya upande wa kwanza, Waldron katika vitatu vya upande wa pili. Kiongozi aliyetaka tu kujionyesha angeweza kuomba mpiga tarumbeta mwenye jina, na kampuni ingefurahi kwa sababu za mauzo. Kuwachagua Splawn na Heath lilikuwa tendo la mtu anayekumbuka ni kina nani aliofanya nao mazoezi alipokuwa hana kazi.

Tendo la pili la uongozi, na zito zaidi, ni kibao alichokiweka mbele ya vyote. Bakai ni utunzi wa Calvin Massey, na jina lake huelezwa kuwa limetokana na Kiarabu, kwa maana ya kilio. Massey aliutunga kwa ajili ya Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago ambaye, akiwa likizoni kwa jamaa zake katika jimbo la Mississippi mwezi Agosti 1955, alitekwa usiku, akateswa na kuuawa na wanaume weupe kwa tuhuma ya kumkosea adabu mwanamke mweupe dukani. Mama yake, Mamie Till, aliagiza jeneza liachwe wazi ili watu wauone uso wa mwanawe. Jarida la Jet likaichapisha picha hiyo. Na baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume weupe, likawaachia huru washitakiwa, ambao miezi michache baadaye walikiri mauaji kwa malipo katika jarida lingine, wakijua kwamba sheria haiwezi kuwashitaki mara mbili. Hakuna kiongozi wa kundi aliyelazimishwa kuufungua mlango wa albamu yake ya kwanza kwa wimbo wa namna hiyo.

Kwa kuwa hauna maneno, wimbo huo uliweza kupita mahali ambapo maneno yangezuiliwa. Msikilizaji asiyejua habari yake husikia muziki wa ngazi ya huzuni, baritoni ya Shihab ikikaa chini kama mtu anayejizuia, tarumbeta na tenori zikiinuka juu yake, kisha mapigo yakifunguka na Coltrane akiingia kwa nguvu ambayo wachambuzi waliomwita mkavu hawakuipima vizuri. Miaka sita baadaye angetunga Alabama baada ya wasichana wanne kuuawa kwa bomu kanisani Birmingham, na wengi huuhesabu wimbo huo kuwa ndio mwanzo wa maombolezo yake kwa waliouawa na ubaguzi. Mwanzo ulikuwa hapa, kwa kalamu ya Massey.

Jina la Kiarabu lisichukuliwe kuwa pambo. Uislamu ulikuwa umeingia miongoni mwa wanamuziki wa jazi tangu miaka ya 1940, kwa sehemu kubwa kupitia wamishonari wa jumuiya ya Ahmadiyya kutoka Bara Hindi, jumuiya ileile iliyochapisha Nairobi mwaka 1953 tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili na kuzusha ubishi mkali kutoka kwa wanazuoni wa Kisunni wa pwani. Shihab, aliyezaliwa Edmund Gregory, alibadili jina mwaka 1947. Naima, mke wa Coltrane, alikuwa Mwislamu. Coltrane mwenyewe, mjukuu wa mchungaji, hakusilimu, lakini chumba cha Hackensack kilikuwa na watu waliokwisha kutafuta heshima na nidhamu ya maisha mahali pengine mbali na dini za mababu zao, na mtu aliyekuwa akijitoa kwenye uraibu hangeweza kuwa kati yao bila kuliona hilo.

Baada ya Bakai santuri inatulia kwa ghafla kiasi cha kushangaza. Violets for Your Furs ni wimbo wa mapenzi wa Matt Dennis na Tom Adair, uliojulikana kupitia waimbaji, na Coltrane anaupiga na piano, besi na dramu tu, polepole, bila kuurembesha kupita kiasi, akiishika kila noti ndefu kwa usawa hadi mwisho wake. Time Was, uliotokana na wimbo wa Kimeksiko wa Miguel Prado, unafuata kwa mwendo wa kati. Vibao hivi viwili ndivyo vinavyoikanusha vizuri zaidi dhana kwamba kijana huyu hakujua ila kumwaga noti. Kwa sikio la leo, Violets ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya kikao kizima, na huenda kinaipita hata sehemu ya kazi iliyosifiwa ya miaka iliyofuata.

Upande wa pili una tungo mbili za Coltrane mwenyewe. Straight Street imejengwa kwa mfuatano wa makundi ya noti yanayobadilika kwa namna isiyotabirika, dokezo la mapema la fumbo alilokuja kuliweka wazi katika Giant Steps. Jina lake linamkumbusha msomaji wa Biblia ule mtaa wa Dameski uitwao Nyofu, ambako Sauli alikaa siku tatu bila kula wala kunywa, na mjukuu wa mchungaji hakuhitaji kuelezwa habari hiyo. Chronic Blues ni bluzi, yaani umbo la vipimo 12 vinavyorudiwa, na hapa ndipo haraka ya Prestige inapoonekana zaidi: Splawn anababaika, Shihab anajiamini, na wapulizaji watatu hawajapata muda wa kuikata miisho ya sentensi zao pamoja.

Katikati ya hizo mbili kimewekwa While My Lady Sleeps, wimbo wa filamu wa mwaka 1941, na mwisho wake una jambo dogo ambalo wanafunzi wa saksafoni hulirudia. Saksafoni imeundwa kutoa noti moja kwa wakati mmoja, lakini kwa kubadili mkao wa vidole na kubana midomo mpulizaji anaweza kuifanya itoe sauti mbili au zaidi kwa pamoja, na hivyo ndivyo Coltrane anavyoufunga wimbo huu. Baadaye alieleza kwamba Monk alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumwonyesha ufundi huo, jambo lisilokosa ucheshi, kwa kuwa Monk alikuwa mpiga piano. Sauti hiyo, ambayo mwaka 1957 ni kivuli cha sekunde chache mwishoni mwa wimbo wa mapenzi, ingekuwa katika miaka ya 1960 sehemu ya kawaida ya kilio chake.

Albamu ilipotoka madukani Coltrane alikuwa amekwisha kusonga mbele. Kuanzia Julai alipiga na Monk kwa miezi kadhaa katika klabu ya Five Spot, New York, ambako alijifunza, usiku baada ya usiku, kuujaza muda ambao Monk aliondoka kwenye piano na kumwachia jukwaa. Tarehe 15 Septemba alirekodi Blue Train. Na mwanzoni mwa 1958 Davis alimrudisha. Prestige kwa upande wake iliendelea kumrekodi kwa wingi na kuzirundika kanda ghalani, kisha, jina lake lilipopanda bei, ikazitoa moja moja kwa mpangilio usiojali tarehe. Lush Life, yenye vibao vya 1957 na 1958, ilitoka 1961. Kikao cha wale wapulizaji wawili wa baritoni, cha Aprili 1957, kilitolewa tena 1963 kwa jina la Dakar, jina la Coltrane likiwa mbele, ingawa hakuwa ameongoza chochote siku ile. Kwa hiyo mnunuzi wa mwaka huo aliweza kudhani kwamba ana kazi mpya, akiwa ameshika kazi iliyoitangulia hata ile ya kwanza. Coltrane yenyewe ilirudishwa sokoni kwa jina la The First Trane, hatua ya kibiashara ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa sahihi kihistoria.

Waliokuwemo chumbani hawakupata mgawo sawa wa kilichofuata. Heath alipiga dramu kwa zaidi ya miaka 60, hadi kufariki kwake mwaka 2024. Shihab alihamia Ulaya na Waldron vilevile, na wote wawili walipata huko kazi ya heshima. Chambers alifariki 1969, akiwa na miaka 33. Splawn alirudi Philadelphia na jina lake likabaki karibu katika santuri hii peke yake. Massey, ambaye hakupuliza hata noti moja Hackensack lakini ndiye aliyeipa albamu sauti yake ya kwanza, alirekodi albamu moja tu chini ya jina lake, Blues to Coltrane, mwezi Januari 1961. Kampuni ya Candid iliiweka kando, mwenyewe akafariki 1972, na ilitolewa mwaka 1987.